Saa Inadanganya Kwenye Vumbi

Waandaaji wa mbio za vigari vya rimoti wanagombana karibu kwa kila kitu: aina ya matairi, idadi ya madaraja, kiingilio, hata urefu wa matuta ya kuruka. Jambo moja tu hawaligombanii. Wote wanaamini kwamba njia ya haki ya kupanga mashindano ni kumpa kila dereva saa yake, akimbie peke yake dhidi ya dakika, kisha wote wapangwe kwa mfuatano wa kasi na kupelekwa fainali. Ukiuliza kwa nini, jibu ni moja na linatoka haraka: saa haina upendeleo.

Mimi nasema inao, na kwenye udongo inao zaidi kuliko mahali pengine popote.

Kwanza utaratibu wenyewe, kwa asiyeujua. Klabu nyingi za Uingereza na kwingineko Ulaya zinafuata mfumo ambao kwa sehemu kubwa umetokana na kanuni za EFRA, shirikisho la Ulaya, na IFMAR, la dunia. Madereva hugawanywa katika makundi ya watu 10. Kundi hupanda jukwaani, vigari huachiliwa kimoja kimoja, na saa ya kila dereva huanza pale transponda yake, kifaa cha kumtambulisha kilicho kigarini, inapovuka kitanzi cha waya kilichofukiwa chini ya njia. Baada ya dakika 5 anahesabiwa mizunguko aliyomaliza na muda aliotumia. Zikishapita raundi 4 za namna hiyo, 10 bora wanaingia fainali A, 10 wanaofuata fainali B, hivyo hivyo hadi mkiani. Hapo ndipo vigari hupangwa mstarini na kuondoka pamoja. Kwa vigari vya umeme, fainali A huwa na mikondo 3, na kila dereva huhesabiwa mikondo yake 2 bora.

Maana yake ni kwamba tangu asubuhi hadi mchana hakuna anayeshindana na mtu. Wapo 10 njiani kwa wakati mmoja, lakini kila mmoja ana mbio zake. Dereva wa polepole anayefikiwa kwa nyuma anatakiwa apishe, na asipopisha kipaza sauti kinamtaja kwa jina. Amelipa kiingilio sawa na wenzake, amesafiri na sanduku lake la vifaa, na kazi yake ya nusu siku ni kukaa pembeni ili saa ya mwingine isiharibike.

Turudi kwenye udongo. Uwanja wa udongo hautulii. Asubuhi humwagiliwa kwa mpira wa maji, nao unakuwa mweusi na wenye kunata. Tairi lenye vijino virefu linauma vizuri, kigari kinakata kona kana kwamba kimevutwa na kamba. Jua likipanda, maji yanakauka na njia ya kupitia inaanza kujichora yenyewe. Mpira wa matairi unajipaka juu ya udongo hadi mstari huo unang'aa. Ndani ya mstari kuna mshiko kuliko asubuhi. Nje yake, upana wa kiganja tu, kuna vumbi lililolegea, na bagi (kigari cha njia ya udongo) ya kilo moja na nusu ikitua hapo baada ya kuruka inateleza moja kwa moja hadi kwenye bomba la pembeni. Vijino virefu vya asubuhi sasa vinapinda na kuyumba, na mwenye akili ameshabadilisha matairi. Katikati ya mchana mtu anakuja na mpira wa maji, anamwagilia, na kila kitu kinaanza upya.

Sasa weka juu ya uwanja huo makundi 8, kila moja likichukua dakika 8 kwa jumla, yaani mbio, mzunguko wa mwisho na kubadilishana watu. Kati ya kundi la kwanza kuondoka na kundi la nane kuondoka kuna dakika 56. Ndani ya dakika hizo ule uwanja wa kwanza haupo tena. Kama ni udongo unaopokea mpira, wa mwisho wamepata njia ya kasi zaidi. Kama ni udongo unaovunjika, wamepata mashimo. Halafu mkurugenzi wa mbio anachapisha orodha moja, wa 1 hadi wa 80, imepangwa kwa sehemu za mia za sekunde, na watu wanaisoma kana kwamba wote walipita mahali pamoja.

Wakubwa wa mchezo wanalijua hili. Zamani ulihesabiwa muda bora wa siku nzima, na ikawa aliyebahatika kukimbia saa njia ilipokuwa nzuri hakamatiki tena, hata wenzake wafanye nini. Ndipo zikaletwa pointi za raundi: kila raundi inapangwa peke yake, na raundi bora za dereva ndizo zinazojumlishwa. Dawa hiyo imetibu tofauti kati ya asubuhi na jioni. Zile dakika 56 za ndani ya raundi haikuzigusa.

Hapo mtetezi hodari wa mfumo ana jibu, na si jibu la kubeza. Atakuambia madereva wenye kasi wote huwekwa kundi moja, kwa kupimwa mizunguko yao 3 bora ya mfululizo katika mazoezi, kwa hiyo wanaowania nafasi ya kwanza wanapita udongo mmoja kwa wakati mmoja. Kweli kabisa. Lakini haki hiyo ni ya watu 10. Dereva wa 10 na wa 11, ambao mmoja ataitwa mwanafainali A na mwingine hatajulikana, aghalabu hawakuwa kundi moja. Vivyo hivyo wa 20 na wa 21, wa 30 na wa 31. Mpaka wa kila fainali unapita hasa kati ya watu waliokimbia viwanja viwili tofauti. Na angalia dawa yenyewe: ili wale 10 wapimwe kwa haki, ilibidi wawekwe pamoja kwenye udongo uleule, dakika ileile. Kama hiyo ndiyo siri ya haki, kwa nini wasiachwe washindane?

Mbio za magari makubwa hazijifanyi hazioni. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na kurudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, ni mbio za saa tupu, gari moja moja, na hakuna shabiki wa Naivasha asiyejua kwamba kuanza mbele au nyuma ya vumbi kunaamua mengi. Mpangilio wa kuondoka unajadiliwa hadharani kama sehemu ya mchezo. Kwenye vigari vya rimoti tumechukua saa ya rali na kuacha huo mjadala.

Mfumo huu ulitoka wapi basi? Wanaoutetea huusimulia kana kwamba wahenga walikaa wakapima njia zote wakachagua hii. Ukweli ni kwamba ulizaliwa na vifaa duni.

Bagi za umeme zilivuma mwanzoni mwa miaka ya 1980. RC10 ya Associated na Hornet ya Tamiya zote zilitoka mwaka 1984. Rimoti za wakati huo zilitumia kristali kuchagua chaneli. Kwenye megahezi 27 kulikuwa na chaneli 6 za kawaida, kila moja na rangi yake, na vigari viwili vyenye rangi moja vikiwashwa pamoja, kimoja kilikimbilia ukutani bila mwenyewe kugusa kitu. Ndiyo maana kulikuwa na ubao wenye vibanio vya rangi: huna kibanio mkononi, huwashi rimoti. Ulipanga makundi asubuhi kwa kuangalia rangi, na ukishayapanga hukuthubutu kuyagusa, kwa kuwa kumhamisha mtu mmoja kulitaka kubadilisha kristali za watatu. Makundi yasiyobadilika siku nzima yametoka huko. Kila dereva alikwama na wenzake walewale kwa sababu ya rangi, na kwa kuwa huwezi kumlinganisha na wa kundi jingine kwa kumshindanisha naye, ulibaki na saa.

Dakika 5 nazo zina asili yake. Betri ya wakati huo ilikuwa seli 6 za nikeli-kadmiamu, volti 7.2, na kwa bagi ya mashindano ilitosha dakika 4 au 5 kwa shida. Mwaka 1987 pale Romsey, Uingereza, Joel Johnson wa Marekani alipotwaa ubingwa wa dunia wa bagi zinazosukumwa na magurudumu mawili, na Masami Hirosaka wa Japani ule wa magurudumu manne, kubana umeme kulikuwa nusu ya ufundi. Ukikanyaga sana dakika ya kwanza, kigari kilizimika dakika ya tano huku umati ukitazama.

Leo rimoti zinatumia gigahezi 2.4 na zinatafutana zenyewe hewani. Watu 80 wanaweza kuwasha kwa pamoja. Betri za lithiamu zina uwezo mara tatu na zaidi wa zile za kale. Transponda inamtambua dereva popote alipowekwa, na kompyuta inapanga makundi mapya kabla mtu hajamaliza kunywa chai. Kila sababu iliyotufunga imekufa. Tumebaki na kifungo, na tumekipa jina zuri: haki.

Wacha nipige hesabu ya siku, maana mpango wa mashindano kwanza kabisa ni hesabu ya dakika. Chukua madereva 80, makundi 8, dakika 8 kwa kundi: raundi moja ni dakika 64. Anza saa 3 kamili asubuhi. Raundi ya mazoezi inaisha saa 4 na dakika 4. Raundi 4 za kufuzu ni dakika 256, unafika saa 8 na dakika 20 mchana. Toa nusu saa ya chakula. Ukitaka kila fainali, A hadi H, iwe na mikondo 3, hiyo ni dakika 192 nyingine, na unamaliza saa 12 na dakika 2 jioni, bila kigari kuharibu kitanzi, bila mvua, bila mtu kulalamika matokeo. Haijawahi kutokea.

Kwa hiyo mwandaaji anakata, na tunajua anakata wapi. Fainali A inabaki na mikondo yake 3; B hadi H zinapewa mmoja. Sasa siku inaisha saa 10 na dakika 10, kila mtu anamshukuru kwa kubana muda. Tazama alivyogawa. Dereva wa fainali A amepata dakika 35, na 15 kati ya hizo ni za kushindana bega kwa bega. Wa fainali H, na wa fainali B vilevile, wamepata dakika 25, na za kushindana kweli ni 5. Dakika 5, mwisho wa siku, watu wa meza za jirani wakiwa tayari wanafunga masanduku. Halafu kikao cha klabu kinakaa kujiuliza kwa nini wapya hawarudi msimu wa pili, na mtu anapendekeza kupunguza bei ya matairi.

Hata hiyo fainali A inayotolewa kafara kwa ajili yake ina kasoro inayoonekana kwa macho. Aliyeongoza kufuzu anaanza wa kwanza kwenye mkondo wa kwanza, wa kwanza kwenye wa pili, wa kwanza kwenye wa tatu. Saa imeshampa zawadi mara moja, na anaendelea kulipwa hadi jioni. Akishinda mikondo miwili ya mwanzo, ubingwa umekwisha na mkondo wa tatu haumhusu; wengine hawahangaiki hata kupanda jukwaani. Mkondo ambao watazamaji wameungojea unakimbizwa bila bingwa.

Nitawatoa hapa watu wa naitro, bagi kubwa za kipimo cha 1/8 zinazonywa mafuta. Wao wana ngazi: robo fainali, nusu fainali, wanaofanya vizuri wanapanda, hadi fainali ambayo kwenye ubingwa wa dunia ni saa nzima. Mbio ndefu, vituo vya mafuta, makosa ya kuyarekebisha njiani. Ni mfumo mzuri kwa mashine ile. Klabu za umeme zinazouiga kwa bagi za 1/10 zinasahau kwamba anayepanda ngazi anatakiwa arudi njiani mara moja akiwa na betri iliyojaa, na kwamba wakati huohuo zamu ya kusimama konani kuinua vigari vilivyopinduka ilikuwa yake. Naitro inajazwa kwa sekunde chache. Betri haijazwi hivyo.

Nipendekeze nini? Jambo ambalo tayari lipo, na lipo juu kabisa. Reedy Race of Champions imekuwa ikifanyika Marekani tangu mwaka 1986, na kundi lake la mabingwa walioalikwa halina raundi za kufuzu. Wanaondoka pamoja kila mara, makundi yanachanganywa, nafasi za kuanzia zinazungushwa, pointi zinajumlishwa. Cha kuchekesha ni kwamba kwenye mashindano hayohayo kundi la wazi, la madereva wa kawaida, linapangwa kwa kufuzu na fainali. Yaani waliobobea wanapewa mbio, wanaojifunza wanapewa saa.

Mbio za pikipiki za spidiwei zina jedwali la kale linalonifurahisha kila nikilitazama: waendeshaji 16, mbio 20, wanne wanne. Kila mmoja anakimbia mara 5 na kukutana na kila mmoja wa wale 15 mara moja tu, kwa kuwa 5 mara 3 ni 15. Hakuna anayeweza kusema hakukutana na fulani.

Kwa klabu ya watu 80 nafanya hivi. Raundi ya mazoezi inabaki, na mizunguko 3 bora ya mfululizo inawagawa madereva katika madaraja 4 ya watu 20. Hiyo ndiyo kazi pekee ninayoiachia saa: kumtenga anayejifunza na bingwa wa mkoa, wasiumizane. Kila raundi, daraja linagawanywa upya kuwa makundi mawili ya watu 10, wanaoondoka mstarini pamoja. Pointi ni nafasi uliyomalizia. Mwenye chache ndiye mbele. Nafasi za kuanzia zinapangwa kwa vioo: aliyeanza wa 1 raundi ya kwanza anaanza wa 10 raundi ya pili, na aliyeanza wa 4 raundi ya tatu anaanza wa 7 raundi ya nne. Jumla yake ni 22. Ukifuata kanuni hiyo, jumla ya kila mtu ni 22. Baada ya raundi ya pili, watatu wa juu wa kila daraja wanapanda na watatu wa chini wa daraja lililo juu yao wanashuka, na anayepanda anachukua kiti kizima cha aliyempisha, pointi zake na nafasi zake za kuanzia zilizobaki. Anayeshuka anafanya vivyo hivyo, na jedwali halivunjiki. Raundi ya nne ikiisha, kila daraja linatoa fainali mbili, na kila dereva ana fainali moja.

Hesabu tena dakika. Mazoezi, raundi 4 na fainali ni dakika 384. Ongeza chakula, unamaliza saa 9 na dakika 54. Ni dakika 16 mapema kuliko ule mpango uliokatwa, na dereva wa mwisho kabisa amepata dakika 25 ambazo zote alikuwa akishindana na mtu. Udongo ukibadilika, unawabadilikia wote 10 kwa pamoja. Zamu za konani zinaendelea kama kawaida, kundi lililomaliza linasimama kwa linalofuata. Na kwa kuwa daraja halihami mahali pake kwenye ratiba, hakuna dereva anayebaki katika daraja lake anayeitwa tena kabla ya dakika 56 tangu aondoke. Chaja ina muda wa kutosha.

Najua pingamizi linalokuja, kwa kuwa linakuja kila mara: kona ya kwanza. Vigari 10 vikifika pamoja kwenye kona ya kwanza vinalaliana, na dereva mzuri anapoteza mbio kwa kosa la mwingine. Kweli, inatokea. Lakini inatokea pia fainali, ambako mnaipeleka ikiwa ni mara ya kwanza kwa siku hiyo watu hao kuanza pamoja, tena pale ambapo kosa lina gharama kubwa kuliko zote. Dereva aliyekwisha kuanza mstarini mara 4 tangu asubuhi, mara mbele, mara nyuma, anaijua kona ile na anawajua wenzake. Wengine hufuta matokeo mabaya zaidi ya kila dereva ili kupooza bahati mbaya. Kwa raundi 4 sifuti, maana ile 22 inaharibika na aliyeanza mkiani anapata njia ya kutupa mkia wake. Mwenye nafasi ya raundi 6 afute moja, apange upya hesabu yake.

Pingamizi la pili linasemwa kwa sauti ya chini, pembeni ya meza ya usajili: madereva wa mbele hawatakuja. Wanafanyia mazoezi ubingwa wa taifa, ubingwa unatumia saa, na wewe umewanyang'anya mikondo miwili ya fainali A. Ni sahihi, nimewanyang'anya dakika 10 kila mmoja. Wako 10. Wale 70 wengine wanaolipa bili ya maji na kodi ya uwanja hawaendi ubingwa wa taifa, na wengi wao hawana nia ya kwenda. Anayetaka kupimwa na saa, siku ya mazoezi ya katikati ya juma iko wazi, kitanzi kipo chini ya njia, transponda anayo, na atakuta uwanja hauna mtu.